Salamu ya Wapitanao Barabarani

Katika barabara itokayo Kolwezi kwenda Likasi kwa njia ya Fungurume, magari makubwa yachukuayo shaba na kobalti hupita mchana na usiku, yakielekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Pembeni mwa magari hayo, karibu na ukingo wa lami, huenda pikipiki. Nyingine zimepakia abiria wawili, nyingine magunia ya mawe ya wachimbaji wadogo yapelekwayo Musompo kuuzwa, nyingine mama na mtoto wake mgonjwa. Wenye pikipiki hizo, wapishanapo, wana desturi ya kusalimiana. Huyu huinua vidole vya mkono wa kushoto, yule hupiga honi fupi, mwingine huinamisha kichwa tu. Hawajuani. Tendo lenyewe ni la kufumba na kufumbua, kisha kila mmoja huenda zake na vumbi lake. Je, mtu asiyeitikia salamu ya namna hiyo amekosa? Na kama amekosa, ameivunja haki, au mapendo, au adabu ya wasafiri tu?

Kwanza yafaa kuondoa neno dogo linalowasumbua wazee. Kwa makabila mengi ya nchi hii, kumnyoshea mtu mkono wa kushoto ni kumdharau. Lakini mkono wa kulia wa mwenye pikipiki hauna nafasi, maana ndio ushikao gesi na breki ya mbele. Akiuachia ili asalimu kwa heshima, aweza kuanguka kwa heshima vilevile. Huko Ufaransa waendeshaji humshukuru aliyewapisha kwa kunyosha mguu wa kulia, jambo ambalo Kolwezi lingedhaniwa kuwa teke. Ishara ni kama neno: maana yake yatoka katika mapatano ya watu na katika nia ya mwenye kuitoa. Kanisa humpokea bubu aungamaye dhambi zake kwa ishara. Basi mkono wa kushoto barabarani usihukumiwe kama mkono wa kushoto mezani.

Neno la pili ni zito zaidi, kwa kuwa latoka katika Injili yenyewe. Mtakatifu Luka, katika sura ya kumi, asimulia kwamba Bwana Wetu alipowatuma wale wafuasi wengine wawili wawili aliwakataza wasimsalimu mtu njiani. Mtu mvivu wa kusalimu aweza kushangilia hapo, akasema kwamba anamtii Bwana. Lakini aangalie vema. Salamu za watu wa Mashariki zilikuwa ndefu, zenye kusimama, kuinama na kuulizana habari za nyumba nzima, kama zilivyo bado vijijini kwa Walunda na Waluba. Mtu mwenye ujumbe wa haraka angechelewa nazo. Nabii Elisha alikwisha kumwagiza mtumishi wake vivyo hivyo alipomtuma mbio kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Tena wafuasi wale waliagizwa papo hapo waitakie amani kila nyumba watakayoingia. Lililokatazwa ni kuchelewa, na salamu ya pikipiki haimcheleweshi mtu hata nukta moja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliangalia jambo hili katika Summa yake, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 114. Upole wa maongezi na wa uso, asema, ni fadhila iliyoungana na haki. Mtu hawezi kuishi na wenzake pasipo ukweli. Vivyo hivyo hawezi kuishi nao pasipo furaha kidogo. Kwa hiyo kila mtu ana deni kwa wale anaokutana nao. Deni hilo si la kupelekwa mbele ya hakimu, ni deni la uungwana. Hata hivyo ni deni. Naye alijiwekea swali: kumwonyesha mgeni ishara za urafiki, je, si uongo? Akajibu kwamba sivyo, kwa sababu kila mtu kwa umbile lake ni rafiki wa kila mtu kwa upendo wa jumla, na mwenye kumsalimu mgeni hadai kwamba ampenda kama ndugu wa tumbo moja. Jibu hili lawafaa sana watu wa barabarani. Kidole kilichoinuliwa hakisemi zaidi ya hili: nimekuona, nawe u mtu kama mimi, katika hatari moja na mimi.

Tena kuna jambo ambalo Mtakatifu Tomaso hakuwa na sababu ya kulifikiri. Mwenye kofia ngumu, miwani, na kitambaa cha kuzuia vumbi puani, hana kabila. Amsalimuye hajui kama ni Msanga au Mlunda, Mchokwe au mtu wa Kasai. Katika Lualaba hilo si jambo dogo. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, ingawa wengi wao walizaliwa humo, kwa baba waliokuja kufanya kazi ya migodi na reli. Walikaa kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa, na wengine walikufa kabla ya kufika. Katika kila chuki ya namna hiyo salamu ndiyo hukatwa mapema: jirani huanza kutazama kando. Siku hizi tena wako vijana wengi kutoka Kasai wanaojitafutia riziki kwa pikipiki, nao hutajwa kwa maneno ya ukali. Huko Kinshasa mwenye pikipiki ya abiria huitwa wewa, neno la Kiluba cha Kasai ambalo maana yake ni “wewe” tu. Bwana Wetu, katika Injili ya Matayo, auliza kuna faida gani kuwasalimu ndugu peke yao, kwa kuwa hata wapagani hufanya hivyo. Barabarani, kwa ajili ya kofia na vumbi, hata mtu mwenye moyo mfinyu hulazimika kutimiza neno hilo. Litakalompima ni saa ile ya kusimama kituoni na kuvua kofia.

Wako wanaotumia taa kumwonya mwenzao kwamba polisi wapo mbele, nao huita hiyo pia salamu. Kama mbele kuna kizuizi cha kunyang'anya tu, kumwonya maskini si dhambi. Lakini awashaye taa hajui amemwonya nani; huenda ni mlevi, huenda ni mwizi aliyepakia mali ya mjane. Mtakatifu Yohane, katika barua yake ya pili, aonya kwamba salamu nyingine humshirikisha mtu katika matendo maovu ya mwenziwe. Ni heri taa ziachwe kwa ajili ya lori lililopinduka au ng'ombe walio njiani.

Lakini swali kubwa la salamu hii huja baadaye, pale aliyesalimiwa saa tatu anapokutwa saa nne amelala mtaroni. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabara, wenye amri kumi za dereva, na mojawapo yaagiza kumsaidia jirani mwenye shida, hasa aliyepatwa na ajali. Mtu aweza kujibu kwamba wako wanyang'anyi wanaojilaza chini ili wasafiri wasimame. Ni kweli, na busara ni fadhila. Asimame mbali kidogo, aite, angoje mwenziwe wa pili afike, au aende hadi kijiji cha karibu alete watu. Asilotakiwa kufanya ni kuendelea na safari kana kwamba hakuona, kwa maana mkono wake mwenyewe ulikwisha kukiri kwamba aliona.

Na akiwa na abiria aliyelipa nauli na mwenye haraka? Wakati ule ni mali ya abiria pia, kwa hiyo aulizwe. Kama naye anakwenda kwa mgonjwa wake mahututi, apelekwe, na habari za majeruhi zitolewe kwa wa kwanza atakayeonekana. Kama anakwenda sokoni, aombwe ashuke angoje kivulini, na nauli ya kipande kilichobaki asidaiwe.