Herufi Iliyodharauliwa

Je, umbo la herufi laweza kuwa jambo la imani? Kwa haraka tutajibu kwamba hapana. Neno la Mungu ni lile lile, hata likiandikwa kwa mkaa ukutani. Lakini tukitazama jinsi watu wanavyoidharau aina moja ya herufi za kompyuta, iitwayo Comic Sans, tutaona kwamba jambo dogo laweza kufunua mioyo yetu.

Wengi wetu tumeiona bila kulijua jina lake. Ni herufi ya mviringo, inayofanana na mwandiko wa mkono, nayo hupendwa kwenye matangazo ya watoto. Ilichorwa mwaka 1994 na Vincent Connare, mfanyakazi wa kampuni ya Microsoft huko Marekani. Aliona programu iliyoandaliwa kwa ajili ya watu wasiozoea kompyuta, na ndani yake mbwa wa katuni akisema kwa herufi rasmi kama za gazeti. Akaona havipatani. Akatazama vitabu vya katuni, akachora herufi za kumfaa msemaji yule.

Baadaye ikaenea hata mahali isipokusudiwa, na dharau ikaifuata. Wabunifu wawili wa Indianapolis walianzisha kampeni ya kutaka ipigwe marufuku. Tarehe 4 Julai 2012, mwanasayansi Fabiola Gianotti alieleza huko CERN, karibu na Geneva, matokeo kuhusu chembe ya Higgs iliyotafutwa kwa karibu miaka 50. Watu wengi waliiacha habari kubwa hiyo, wakazicheka herufi zake.

Wanaoilaumu wana hoja. Kila kitu kina mahali pake, na tangazo la msiba lililoandikwa kwa herufi za katuni lingewaumiza wafiwa. Lakini kuwekwa pasipofaa si kosa la herufi, wala si ruhusa ya kumcheka aliyeitumia.

Tena ina sifa zake. Herufi zake hazibanani, na “a” yake ni ile ile mtoto anayofundishwa kuiandika darasani. Chama cha Uingereza kinachowasaidia watu wenye disleksia, yaani wale wanaopata shida kusoma maandishi, kimeitaja miongoni mwa herufi zinazofaa kwa wasomaji hao. Basi kile ambacho mwenye ujuzi anakiona cha kitoto, kwa mwingine ni mlango uliofunguliwa.

Hapo ndipo imani inapoguswa. Mtume Paulo, akimalizia waraka wake kwa Wagalatia (6:11), anawaonyesha wasomaji herufi kubwa alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuona haya kwa mwandiko ule. Naye Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, lilichapwa kwa herufi walizozizoea Wajerumani, si kwa herufi za Kirumi walizozipenda wasomi katika vitabu vya Kilatini. Lugha na herufi zote mbili zilimwendea msomaji pale alipo.

Sharika zetu nazo zina jambo la kujiuliza. Tunapochapa ratiba ya ibada kwa herufi ndogo, nyembamba na za kupendeza, tumemfikiria bibi aliyesahau miwani yake nyumbani? Na mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekesha akiandaa tangazo kwa herufi aliyoiona ya furaha, tukimcheka, ataandaa tena? Dharau huanza kwenye kitu, lakini mara nyingi haikomi hapo. Humfikia mtu aliyekitumia, na hata yule mdogo aliyesaidiwa nacho. Paulo anawauliza Warumi (14:10) kwa nini wanamdharau ndugu yao, na kule ugomvi ulikuwa juu ya chakula tu.

Hatusemi kwamba uzuri hauna maana. Mungu aliwapa mafundi wa hema hekima ya kazi zao, na kazi nzuri humtukuza. Tunasema kwamba uzuri ni mtumishi. Kabla ya kuuliza kama herufi inapendeza, tuulize ni nani atakayeisoma, na kama ataweza. Tukipata jibu hilo, tutachagua vizuri, hata kama chaguo letu litachekwa.