Muuguzi Angechagua Tena?

Waulizeni mama na baba zetu waliouguza miaka 20 au 30 hapa Lubumbashi: mngeshika tena kazi hii? Wengi watanyamaza. Wengine watasema: Hapana.

Tusiwahukumu upesi. Nabii Simon Kimbangu naye alipoitwa, kwanza alikimbilia Léopoldville; na ndiye aliyevumilia kifungo cha miaka 30, hata akafia hapa mjini kwetu mwaka wa 1951.

Tuulize basi wanakataa nini. Mwaka wa 1995, Ebola ilishika watu 315 kule Kikwit. 80 kati yao walikuwa watumishi wa afya, na baadhi ya wenzao waliendelea kutunza wagonjwa. Wako wauguzi wa nchi hii wasiomkimbia mgonjwa. Wanachokataa ni kuzeeka bila matrikule ya Serikali, kungoja kile kidogo kinachobaki katika fedha ya wagonjwa, na watoto kufukuzwa shuleni.

Nasi twawaambia: "Ni mwito, Mungu atawalipa." Ni kweli. Lakini mtu mwenye uwezo, aliyetibiwa akatoka bila kulipa, akisema hivyo anamsukumia Mungu deni lake mwenyewe. Na wenye deni la uzazi au la dawa kati yetu wanajijua.