Amana ya Umma na Dini ya Aliyepewa

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, katika darsa letu hapa Voi, kijana mmoja alituuliza swali ambalo hatuoni haki kulinyamazia. Alikuwa amesikia ya kwamba Uganda imepata kuwa na mbunge Myahudi, tena Myahudi mweusi, mwenyeji wa Mbale. Akauliza: lau mtu kama huyo angesimama katika Taita Taveta yetu kutaka kura, je, Mwislamu angepata dhambi kwa kumpa? Baadhi yetu walicheka, wakidhani hakuna Myahudi wa namna hiyo. Wengine walikwisha toa hukumu kabla muulizaji hajamaliza kusema.

Habari yenyewe ni kweli. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alishika dini ya Kiyahudi yeye na wafuasi wake huko Mbale. Watu wao huitwa Abayudaya. Katika miaka ya 1970 Idi Amin, Mwislamu mwenzetu (na neno hili twaliandika kwa haya), aliwapiga marufuku kuabudu, na wengi wakaiacha dini yao kwa hofu. Lakini mwaka 2016 kiongozi wao wa dini, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho North kwa tiketi ya chama cha FDC, akakaa Bungeni hadi 2021. Mayahudi wa jimbo lile ni wachache mno, hawawezi kumchagua mtu peke yao. Waliompa kura ni jirani zake Wakristo na Waislamu, na mji wa Mbale ndio wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988.

Hapa Kenya tulikuwa na mfano mwingine. Israel Somen, Myahudi, alikuwa Meya wa Nairobi tangu 1955 hadi 1957, katika siku za Hali ya Hatari. Mwafrika wa mji ule hakuwa na kura ya kumweka wala ya kumwondoa. Mwenye kuulaumu utawala ule ana haki ya kuulaumu, lakini Uyahudi wa Meya hauingii katika lawama hiyo, kwani mfumo ulikuwa wa Waingereza, na chini ya Meya Mkristo mwananchi angebaki vile vile, hana sauti. Kati ya watu hawa wawili, Sizomu na Somen, dini ni moja. Kilichowatenga ni kwamba mmoja alipewa amana na wenye mali, na wenye mali wakaweza kumwuliza hesabu.

Ndugu zetu waliopinga darsani walitaja aya ya 51 ya Suratul Maida, inayotukataza kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa walinzi wetu. Aya ni ya Mwenyezi Mungu, hatuikwepi. Maulamaa wamekhitilafiana katika upana wa makatazo yake, na wako waliosema yahusu kujiunga na adui wakati wa vita. Twashangaa tu ya kwamba msomaji hufika aya ya 51 baada ya kuipita aya ya 8 ya sura ile ile, inayotuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, wala hasimami.

Na kuna kisa wanachokisimulia wafasiri katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Mtu mmoja wa Madina, aliyehesabiwa katika Waislamu, aliiba deraya, kisha akamsingizia Myahudi. Jamaa zake wakaja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtetea mtu wao. Tulitafakari kisa hiki kwa muda mrefu usiku ule. Hoja yao ilikuwa nini? Haikuwa ushahidi, bali ni kwamba huyu ni wetu na yule si wetu. Ndiyo hoja tuisikiayo hapa kila uchaguzi, mara kwa jina la dini, mara kwa jina la ukoo au mlima. Na aya zilishuka zikamtakasa Myahudi.

Kijana akasema: na Palestina je? Hili ni jeraha la kweli, na asiyelihisi hatumwelewi. Lakini mkulima wa Mbale hakubomoa nyumba ya mtu yeyote huko Gaza. Mbunge akiunga mkono dhuluma, na apingwe kwa kauli yake na kura yake, kama tungelivyompinga Mwislamu aliyefanya hivyo. Kumhukumu kwa damu yake kabla hajafungua kinywa ni kurudia kosa la wale jamaa wa mwizi wa deraya.

Nasi tusisahau hali yetu wenyewe. Waislamu wa Taita Taveta tu wachache. Ukoo mmoja waweza kuwa na Wakristo na Waislamu ndani yake. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, baadhi ya viongozi wa makanisa waliipinga Katiba kwa sababu ya Mahakama za Kadhi. Siku zile sisi ndio tuliosihi tupimwe kwa haki, si kwa idadi. Katiba ikapita kwa kura za Wakristo wengi. Na katika miaka ya 1990 watu wa Taveta walimpeleka Bungeni Basil Criticos, mzungu mwenye asili ya Kigiriki na mwenye mashamba makubwa ya mkonge. Walimjadili sana, hasa kwa habari ya ardhi. Huo ndio mjadala unaofaa: ardhi, maji, ndovu wanaotoka Tsavo na kula mahindi ya watu.

Kijana hakuridhika kabisa. Alisema kwamba wakisimama wawili, wote waaminifu na hodari sawasawa, yeye angemchagua Mwislamu. Hilo hatukumkatalia, kwani kupendelea ni jambo moja, na kusema mwenzako hafai kwa sababu ya kuzaliwa kwake ni jambo jingine. Tukamwuliza atajuaje kuwa wako sawasawa, ikiwa mmoja wao hataki hata kumsikiliza. Akaomba apewe nafasi ya kujibu wiki ijayo.