Naamani na Mara Saba



Twasoma katika 2 Wafalme, sura ya 5, habari za Naamani, jemadari wa Shamu, aliyeagizwa na nabii Elisha aoge katika Yordani mara saba. Je, kama angepata nafuu mara ya nne, akapanda gari lake na kwenda zake?

Ndivyo tufanyavyo sisi kwa dawa ya malaria. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati, ALu, ni dozi sita kwa siku tatu. Siku ya pili homa hushuka, nasi twavifunga vidonge vilivyobaki katika karatasi, viwe akiba ya mtoto mwingine. Twaiona kuwa busara ya mzazi maskini. Kumbe twaviacha hai vimelea vyenye kustahimili dawa, na mbu huvipeleka kwa jirani.

Hapa kwetu Kagera jambo hili si la kusikia tu. Wataalamu hudondosha tone la damu juu ya karatasi, likaushwe, lipelekwe maabara, na humo husomwa DNA ya kimelea, ambayo ni kama maandishi ya urithi wake. Badiliko la herufi moja tu, liitwalo R561H, lilitangazwa Rwanda mwaka 2020. Utafiti uliofanyika Karagwe mwaka 2022 ukalikuta na kwetu. Vimelea vyenye badiliko hilo huchelewa kuisha katika damu. ALu bado yaponya, kwa kuwa dawa ya pili iliyomo ndani yake hubaki mwilini ikimalizia kazi. Lakini wazee wetu wanaikumbuka klorokwini (na jinsi ilivyotuwasha!). Ilitutumikia miaka mingi, ikazidiwa, na mwaka 2001 serikali ikaiacha.

Wako kati yetu waliowaficha watoto walipowaona wataalamu na karatasi zao, wakinong'ona kwamba damu inauzwa. Tusiwacheke, hakuna aliyewaeleza. Ila tukumbuke kwamba aliyemwonyesha Naamani njia ya kupona alikuwa kijakazi, mtoto aliyetekwa, ambaye hata jina lake hatukuambiwa. Nao watoto wa Karagwe, ambao majina yao hatuyajui, onyo hili limetufikia kwa matone ya damu yao.

Nasi tunaoandika haya tumetazama nyuma ya taa, tukavikuta vidonge vinne katika karatasi. Ni dozi mbili za mtoto wetu, tangu mvua za masika.