Wembe Mmoja, Nyuso Kumi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akautukuza uso wake kwa kuufanya kiungo cha kusujudia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, jambo tutakalolizungumza leo huenda likaonekana dogo, nalo ni kunyoa uso. Lakini dini iliyotufundisha adabu ya kukata kucha haikuliacha jambo hili bila uongozi, na hasara inayotokana nalo si ndogo hata kidogo.

Alasiri ya Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa, maduka ya vinyozi katika miji yetu ya pwani hujaa watu. Wazee na vijana hukaa kwenye benchi wakingojea zamu, na mara nyingi mazungumzo yao huwa ni ndevu: nani afuga na nani anyoa, na urefu gani ndio wa sunna. Hoja hutolewa, sauti hupanda. Na huku wao wakibishana, wembe watoka shavu la huyu ukaenda shavu la yule, na hapana hata mmoja anayeuliza: Wembe huu ulikuwa wapi kabla ya kufika usoni pangu? Hilo ndilo tunalotaka kuliuliza leo.

Kwanza tuieleze hukumu ya ndevu, tusije tukadhaniwa kuwa tumeikwepa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar r.a. kwamba Mtume s.a.w. ameamrisha masharubu yapunguzwe na ndevu ziachwe. Kwa dalili hiyo wanavyuoni wengi wamesema kuzinyoa ni haramu. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, maimamu Rafi'i na Nawawi wamelihesabu kuwa ni makruhu. Ibn Umar huyo huyo, alipokuwa akihiji au kufanya umra, alizishika ndevu zake kwa ngumi akakata zilizozidi. Basi mwenye kufuga ana dalili yake, na mwenye kunyoa amejua wanavyuoni wamesema nini. Sisi hatukuandika haya ili tuwashe tena moto ulio kwenye benchi la kinyozi.

Hata mwenye ndevu nyingi naye ana haja ya mkasi na wembe. Masharubu ni lazima ayapunguze, na Anas r.a. amesimulia kuwa waliwekewa muda wasiupite katika hilo na katika kucha: masiku 40. Wengi pia husafisha shingo na sehemu ya juu ya mashavu. Tena Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba aliingia msikitini mtu mwenye nywele na ndevu zilizotimka, Mtume s.a.w. akamwashiria atoke akazitengeneze. Kwa hivyo unadhifu wa uso unatuhusu sote, wenye kufuga na wenye kunyoa.

Sasa tuangalie namna ya kunyoa bila ya kujiumiza, kwani mwili ni amana na ngozi ya uso ni laini. Unywele mkavu ni mgumu, na ukirowa hulainika. Basi usinyoe ukavu, wala usinyoe kwa haraka mara tu baada ya kutia maji. Oga kwanza, au uoshe uso kwa maji ya vuguvugu, ungoje dakika mbili au tatu. Kisha paka povu la sabuni kwa wingi na ulisugue hadi lifike kwenye mashina ya nywele. Anza upande wa kulia, kama alivyopenda Mtume s.a.w. katika kujitwaharisha na kuchana nywele, na kama alivyomwamrisha kinyozi wake kule Mina katika hija. Pitisha vidole usoni ujue nywele zimelala upande gani, hasa shingoni ambako hulala pande mbalimbali, kisha ufuate mlalo wake. Mkono uwe mwepesi, wembe uwe mkali na mpya, mapitisho yawe mafupi. Usirudie mahali palipokwisha kukauka povu. Ukimaliza, osha kwa maji ya baridi na ufute kwa kugusagusa, usisugue. Na manukato yenye spiriti yaache kwanza, kwani ngozi iliyotoka kwenye wembe huungua nayo.

Na wapo wengi kati yetu ambao nywele zao ni za kujikunja. Hawa wakinyoa hadi mzizi, au wakaivuta ngozi na kunyoa kinyume cha mlalo, ncha ya unywele huchongoka kama mwiba, ukaota kwa kujipinda na kuichoma ngozi. Hapo hutoka vipele shingoni na kidevuni, vingine vyatunga usaha, na mwisho huacha makovu meusi. Watu huhangaika na dawa za madukani, na huku matabibu wanasema kuwa tiba iliyo bora ya maradhi haya ni kuacha kunyoa. Ndevu zikiachwa wiki kadhaa, nywele hujitoa zenyewe ngozini na vipele hupoa. Tazameni basi ndugu zangu: aliyezuiwa wembe na tabibu amerudishwa kwenye jambo aliloamrishwa na Mtume wake. Na asiyeweza kuziacha na atumie mkasi au mashine inayobakisha unywele mfupi juu ya ngozi, wala asiufukuze hadi mzizini.

Haya yote ni madhara ya mtu mwenyewe juu ya uso wake. Yaliyo makubwa zaidi ni madhara ya mtu juu ya ndugu yake, nayo ndiyo ya wembe wa kushirikiana. Hakuna mkono wa kinyozi usiokwaruza. Mkwaruzo mwingine hata hauonekani kwa macho, lakini damu imekwisha kuugusa wembe. Katika damu hiyo yaweza kuwamo homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vilianza kujulikana kwa uchunguzi uliotangazwa mwaka 1965, na matabibu wamethibitisha kuwa huweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, kwa siku 7 au zaidi. Mwenye navyo huenda akawa mzima wa kuonekana, hajui kitu, na ini lake lanyauka mwaka baada ya mwaka hadi liwe gumu au lishikwe na saratani. Homa ya ini aina ya C nayo hupita kwa damu, na hata virusi vya UKIMWI, ijapokuwa hivyo haviwi na nguvu nyingi nje ya mwili.

Wala si wembe peke yake. Liko lile jiwe la shabu ambalo kinyozi humsugulia mtu mahali palipotoka damu. Jiwe ni moja, na nyuso ni za mji mzima. Kipo kitambaa kimoja, na ipo mashine ambayo meno yake hayasafishwi, ikapeleka choa kutoka kidevu hadi kidevu.

Atasema msemaji: "Kinyozi wangu huuosha wembe." Ni kweli kwamba damu ni najisi, na wembe ukioshwa kwa maji hata najisi ikaondoka huwa twahara kwa hukumu ya fikihi. Lakini utwahara ni jambo moja na usalama ni jambo jingine. Maji ya kisima kilichoingia kipindupindu huenda yakafaa kwa udhu, nayo yakamwua mwenye kuyanywa. Kuuchovya wembe mara moja katika gilasi ya dawa, ambayo imekaa hapo tangu asubuhi, hakuondoi virusi. Nayo sanduku za taa ambazo maduka mengine huwekea mashine zao hazitoshi, kwani mwanga hauui kile usichokifikia.

Atasema mwingine: "Maradhi ni kadari ya Mungu, na Mtume amesema hakuna kuambukiza." Huyu ameshika nusu ya hadithi akaiacha nusu. Katika hadithi hiyo hiyo, kwa mapokezi ya Bukhari, mtu ameamrishwa amkimbie mwenye ukoma. Na imepokewa kuwa mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima. Maana yake, wanavyuoni wamesema, ni kuwa maradhi hayapiti kwa nguvu zake yenyewe, bali kwa idhini ya Mungu na kwa sababu alizoziweka. Tauni ilipoingia Sham, ile ya Amwas ya mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar r.a. aligeuza njia pamoja na watu wake. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa naam, anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Basi na wembe mpya nao ni kadari, na tuukimbilie.

Enyi ndugu zetu vinyozi, kazi yenu ni ya heshima, nasi hatukukusudia kuwatia aibu. Lakini jueni kuwa Mtume s.a.w. amemfanya mdhamini yule mwenye kutabibu bila ya elimu ijulikanayo, na mafakihi wakazungumza juu ya dhamana ya mpiga chuku na mwenye kutahiri kwa msingi huo. Mwenye kushika wembe juu ya koo la Mwislamu hayuko mbali nao. Zamani mtu aliweza kutoa udhuru kuwa kisu chake ni kimoja. Udhuru huo umekufa tangu mwaka 1903, kampuni ya Gillette ilipoanza kuuza kule Marekani nyembe nyembamba za kutumiwa na kutupwa. Leo wembe mpya ni kitu cha shilingi chache.

Na enyi wazazi, yafikirini mambo mawili. La kwanza ni kunyolewa bwana harusi. Siku ya furaha ananyolewa yeye na wenziwe kwa wembe uliopita wapi hajui. Akipata humo homa ya ini, naye hakuchanjwa, huenda akampelekea mke aliyekabidhiwa kwa amana, na mke akamrithisha mtoto siku ya kuzaliwa. La pili ni kumnyoa mtoto mchanga siku ya saba. Mtu mzima akiambukizwa maradhi haya, mara nyingi mwili wake huyashinda. Lakini mtoto mchanga, katika kila 10 waambukizwao, karibu 9 hubaki nayo maisha yao. Je, tunaitimiza sunna ya mtoto kwa wembe usiojulikana?

Njia ya kujikinga ni nyepesi. Nenda na wembe wako, au umwambie kinyozi aufungue mpya mbele ya macho yako, na akimaliza autupe. Usikubali kusuguliwa shabu ya watu wote. Usimwazime mtu wembe wako wala usiazime, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja. Kapimwe, na kama huna kinga, uchanjwe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imekuwapo tangu miaka ya 1980, na Kenya iliitia katika chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Wala usione haya kumwuliza kinyozi mbele za watu, kwani aliye nyuma yako katika benchi hilo atafuata mfano wako.

Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu. Tunamuomba azing'arishe nyuso zetu siku ambayo nyuso zitang'ara na nyingine zitasawijika, na atujaalie tuwe amani kwa ndugu zetu, tusiwe sababu ya kudhurika kwao. Amin.