Je, Picha Yetu Yasema Kweli?



Kila mwaka, yapata Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne unaofanyika Novemba, shule zetu za sekondari hufanya mahafali. Wakati huo hapa Kondoa mavuno yamekwisha kuingia ndani, mvua bado haijaanza, na katika nyumba nyingi limo jambo moja: kijana atapigwa picha ya kumaliza shule. Shati hufuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, nywele hukatwa au husukwa, viatu hutafutwa. Wengine hukodi joho na kofia. Jambo hili laonekana dogo. Walakini ndani yake limo swali ambalo Mkristo hana budi kujiuliza: mtu anapoitengeneza sura yake ili itazamwe na wengine, je, anasema kweli au anasema uongo?

Wako wanaojibu upesi kwamba kujipamba kwa ajili ya picha ni majivuno matupu, maana Mungu hutazama moyo, kama alivyofundishwa Samweli nyumbani kwa Yese. Neno hilo ni la kweli, lakini tusilitumie kuwavunja moyo vijana. Kutaka kuacha sura ya mwanadamu ni jambo la zamani sana katika nchi yetu. Kule Kolo watu wa kale walichora juu ya miamba, kwa rangi nyekundu, watu warefu na wembamba, na wengine vichwa vyao vina mapambo ya nywele ya namna ya pekee. Mwaka 2006 michoro hiyo ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Basi kijana anayetaka aonekane vema siku yake hakuanza jambo geni. La muhimu ni kujua anajiandaa kwa nia gani.

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za watu wawili waliobadili mavazi kabla ya kutazamwa. Wa kwanza ni Yakobo. Rebeka alimvika nguo nzuri za Esau, akamfunika ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, ili Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, amdhanie kuwa ni mwingine. Wa pili ni Yusufu mwanawe. Alipotolewa gerezani aende mbele ya Farao, alinyoa na kubadili nguo zake. Wote wawili walijiandaa. Mmoja alidanganya, mwingine hakudanganya. Tofauti yao ni nini?

Tofauti si kwamba nguo za mmoja zilikuwa zake na za mwingine hazikuwa zake. Mfungwa hana sanduku la nguo. Yamkini hata Yusufu alivikwa alichopewa. Tofauti ni kwamba Yakobo alivaa ili asijulikane, naye Yusufu alivaa ili amheshimu aliyemwita, huku akibaki Yusufu yule yule. Hata Farao alipomsifu kuwa hodari wa kufasiri ndoto, alikataa sifa hiyo, akasema jibu ni la Mungu.

Kwa hiyo kijana akiazima viatu vya kaka yake, hatendi dhambi. Shangazi akimshonea shati, jirani akimpa tai ya mumewe, hapo hapana uongo wo wote. Tena tungesema viatu vile vya kuazima vyashuhudia kweli moja kubwa, kwamba mtoto huyu hakulelewa na mtu mmoja. Usafi nao ni heshima kwa siku ile, kwa walimu na kwa wageni.

Lakini ziko ngozi za mbuzi za siku hizi. Twasikitika tunapoona binti, na siku hizi hata mvulana, anaanza kupaka mkorogo majuma kadhaa kabla ya mahafali ili picha imtoe mweupe. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na si bure: zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Ziko pia simu zinazobadili rangi ya uso kwa kubonyeza mara moja. Hizo hazichubui mwili, lakini fundisho lake ni lile lile: kwamba sura uliyopewa na Muumba yafaa ifichwe kabla hujaonyeshwa kwa watu. Kumwambia mtoto hivyo, au kunyamaza anapoambiwa na wenzake, ni kosa letu wakubwa kabla ya kuwa lake.

Hata hivyo, jaribu lililo gumu kuliko yote halihusu nguo wala ngozi. Ni hili: nani atasimama pamoja nami katika picha? Wako vijana ambao siku hiyo humwomba mama abaki nyumbani, au asimame mbali mpaka mpiga picha aishe kazi, kwa sababu kanga yake imechuja, miguu yake ina vumbi jekundu, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kirangi au Kisandawe. Tusiwahukumu upesi, kicheko cha wenzao chaumiza kweli. Lakini ni nani aliyewafikisha pale? Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaiondoa hadi kidato cha sita. Lakini sare, madaftari, sabuni na chakula havikushuka kutoka mbinguni. Vilitoka katika gunia la alizeti na debe la uwele, na katika mikono ya mama huyo huyo anayefichwa.

Hapa tumtazame Yusufu tena. Alijua ya kuwa kwa Wamisri mchunga kondoo alikuwa chukizo. Yeye alikuwa mkubwa wa nchi, amevaa kitani safi na mkufu wa dhahabu. Walakini baba yake alipofika, mchungaji mzee kutoka Kanaani, Yusufu alimchukua akamsimamisha mbele ya Farao. Hakungoja kwanza afanane na Wamisri. Ndiyo maana twasema mavazi yake ya heshima hayakuwa uongo: yalikuwa na nafasi ya baba yake kando yake. Basi kipimo cha picha iliyo kweli ndicho hiki: je, waliokubeba wanaweza kusimama ndani yake?

Kipimo hiki chatupata na sisi wa mtaa huu. Picha ya darasa hukosa watu. Hukosa mtoto ambaye nyumbani hawakuweza kutoa mchango wa mahafali. Hukosa binti aliyekatisha masomo kwa ajili ya mimba, ingawa tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi shuleni umefunguliwa kwake. Sisi tunaokaa ibadani kila Jumapili, je, tulimtafuta? Au tuliridhika kwamba safu imepangika vizuri?

Twashauri mambo matatu. Wazazi wakubaliane na shule kwamba sare ya shule, iliyofuliwa vema, yatosha kwa picha ya pamoja. Ndiyo nguo ambayo kila mmoja wao ameistahili kwa miaka minne. Umoja wa Mama na vijana wa kwaya waangalie mapema ni nani hana viatu au mchango, wamsaidie kwa siri, bila kuuliza kama ni Mkristo au Mwislamu, kwa maana watoto wetu hukaa dawati moja. Tena ninyi vijana, siku hiyo mwendeeni mama, mshikeni mkono, mleteni mbele. Mkisikia mwenzenu anachekwa kwa ajili ya mzazi wake, nendeni mkasimame upande wake.

Mungu aliyetuumba kwa mfano wake na atujalie tusiionee haya sura aliyotupa, wala wale aliowatumia kutulea. Amina.