Waliomchukua Mtumishi wa Mungu

Somo: Yoshua 24:32



Twasoma ya kuwa mifupa ya Yusufu ilitolewa Misri ikazikwa Shekemu. Yusufu hakuweza kujipeleka mwenyewe. Alitumainia mabega ya wengine. Jambo lifananalo na hilo lilitendeka katika pwani yetu, nasi yatupasa kulitafakari.

Daktari David Livingstone, mzaliwa wa Uskoti, alikuja Afrika mwaka 1841 kuhubiri Injili. Hakuwa Mlutheri, walakini twamhesabu kuwa ndugu. Watu aliowaongoa walikuwa wachache mno. Nguvu zake nyingi alizitumia kusafiri na kuujulisha ulimwengu uovu wa biashara ya watumwa. Mwezi wa Mei 1873 alionekana amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Majuma machache baadaye, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mpanzi hakuyaona mavuno.

Susi, Chuma na wenzao wakafanya shauri. Wangaliweza kumzika pale pale wakaenda zao, wala hapana mtu ambaye angaliwalaumu. Bali waliuzika moyo wake chini ya mti, naye Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, Bara Hindi, akasoma sala za maziko na kuchonga jina la marehemu katika mti ule. Kisha wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakashika njia ya pwani. Walipatwa na maradhi na hatari nyingi. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike huko, wakakataa. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, na mapadre wa Roho Mtakatifu wakaupokea mwili katika misioni yao.

Tazameni, ndugu! Katika njia ile watumwa walikuwa wakiletwa pwani kwa minyororo, nao hawa waliipita kwa hiari, wakichukua mzigo wa upendo.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster, na Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walikuwa wamelipwa mshahara wao na kuachwa. Walifika Uingereza baada ya maziko kwisha. Watu waliwasahau upesi, lakini Mungu hakuwasahau. Mwaka 1886 Susi alibatizwa Unguja, akaitwa David.

Basi tujiulize: katika sharika zetu, nani walioichukua Injili mabegani? Majina ya wamisionari tumeyaandika juu ya mawe. Je, mwalimu wa kwanza aliyekwenda kwa miguu kijiji hata kijiji? Mama aliyewapikia wageni na kuwafundisha lugha? Mzee aliyetoa kiwanja cha kanisa? Tuyaandike majina yao kabla wanaowakumbuka hawajafariki, na wajane wao tusiwaache wahitaji.

Husemwa ya kuwa jina la Bagamoyo latokana na wapagazi kubwaga moyo, yaani kupumzika mwisho wa safari. Safari yetu sisi haijaisha. Mzigo waliotuachia uko mlangoni petu. Tuinuke tuuchukue, mpaka Bwana mwenyewe atakapotuambia tuutue.

Mungu na atujalie uaminifu huo. Amina.